Safari ya Lamu Jumamosi
Asalaam aleikum jamani. Tukutane stendi saa kumi na moja alfajiri, basi halingoji mtu. Mokowe tunashuka, tunavuka kwa boti. Lamu mjini ni punda na miguu, kwa hiyo masanduku ya magurudumu yaacheni nyumbani. Tunaanza na Ngome, iliyomalizika 1821, kisha vichochoro vya Mkomani na milango ya nakshi.

Kina mama mliouliza wanaobaki watakula nini: mimi Alhamisi nachemsha maharage kilo mbili, nagawa kwenye vikopo, friza. Tui sitii, likigandishwa hukatika. Wataunga siku ya kula. Chapati pia zinakaa, mzitenganishe kwa nailoni tu. Viazi msithubutu, hugeuka sifongo!

Mliobakisha mchango, leo kabla ya magharibi tafadhali.