Barua kwa Rashidi: ndege iliyotolewa ziwani

Rafiki yangu Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi mzima. Nilikuahidi nitakuandikia habari za makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza pale Hendon, kaskazini mwa London, maana kwa simu tungeishia kutajiana majina ya ndege tu.

Makumbusho yamejengwa palipokuwa zamani uwanja wa ndege. Kuingia ni bure. Ndege za mbao na vitambaa za Vita vya Kwanza nilizipita haraka, nikaenda kwa Lancaster uliyokuwa ukiniulizia, ile ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita vya Pili. Ni kubwa, Rashidi. Injini nne za Merlin, na pembeni mwa pua vibomu vidogo vilivyochorwa safu kwa safu, kimoja kwa kila safari ya vita. Ilikwenda mara 137 na kurudi. Chini ya michoro hiyo wameandika majigambo ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani.

Lakini hesabu ile isikudanganye. Kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kikosi cha ndege za mabomu, 55,573 waliuawa. Nilisimama sana nyuma, kwa mpiga bunduki wa mkiani. Alikaa peke yake ndani ya kile kibanda cha vioo, mbali na wenzake sita, usiku kucha katika baridi kali. Parashuti lake halikuenea humo. Lilitundikwa nje ya mlango wake, ndani ya kiwiliwili cha ndege. Ndege ikiwaka moto, kwanza alifuate, ndipo aruke. Na huko chini nako kulikuwa na watu: nyingi kati ya safari hizo ziliishia juu ya miji.

Hapo nikamkumbuka Ulric Cross wa Trinidad. Alikuwa mwelekeza njia kwenye ndege za Mosquito, zile zilizoundwa kwa mbao, akaruka safari 80 za vita na kusalimika. Baadaye akaja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Mtu huyo anastahili kujulikana kwetu kuliko anavyojulikana sasa.

Iliyonishika zaidi, hata hivyo, ni Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza. Aprili 1942 ilitumwa Norway kuishambulia Tirpitz, meli ya kivita ya Wajerumani. Ikapigwa na mizinga, rubani akaitua kwa tumbo juu ya ziwa Hoklingen lililokuwa limeganda. Wote sita walitoka hai. Watano walitembea hadi Sweden. Wa sita alikuwa ameumia kifundo cha mguu, akatekwa. Barafu ilipoyeyuka ndege ikazama, ikakaa huko mpaka ilipotolewa mwaka 1973.

Na hawakuifufua. Iko vile ilivyotoka majini: bati limetoboka, kutu kila mahali, mbavu nje. Watu wanaipita upesi kwenda kwenye zinazong'aa, na mimi naona wanapoteza. Lancaster imepakwa rangi vizuri mno, mpaka unaitazama kama pambo tu. Halifax inakuonyesha ilivyoumia. Unaona jinsi ukuta uliowatenganisha wale vijana na mizinga ulivyokuwa mwembamba. Hauzidi unene wa bati la sufuria.

Sasa nakuuliza wewe, fundi unayechukua gari chakavu ukalirudisha barabarani kama jipya. Ungepewa Halifax ile, na vipuri vyote, ungeitengeneza? Mimi nasema iachwe, na wapige vita kutu isiendelee, basi. Najua utakuwa na la kusema kuhusu hilo, tena refu. Niandikie, na ukipata nafasi ya kufika London, anzia ukumbi huo wa ndege za mabomu kabla miguu haijachoka.

Wako,
Salum