Malalamiko: safari ya saa 23 mliyoiandika saa 16

Moshi,
18 Agosti 2025

Meneja,
Wakala wa Tiketi za Ndege,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: MUDA WA SAFARI YA UWANJA WA NDEGE WA KILIMANJARO (KIA) HADI NEW YORK

Mama yangu ana miaka 71 na hujichoma insulini asubuhi na jioni. Ndiyo maana nilipokuja kumkatia tiketi, swali langu la kwanza lilikuwa safari inachukua muda gani. Mhudumu wenu aliniandikia kwenye karatasi ya ofisi na kugonga mhuri: umbali kilomita 12,000, muda saa 16. Karatasi hiyo nilimpelekea daktari, akapanga sindano ya jioni ajichome ndani ya ndege, ya asubuhi akishafika.

Mama aliondoka KIA saa 11 jioni, akatua New York kesho yake saa 3 asubuhi. Mhudumu alihesabu kutoka saa hiyo hadi hiyo, basi. Lakini majira haya New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Kule ilipokuwa saa 3 asubuhi, Moshi ilikuwa saa 10 jioni. Safari ni saa 23.

Mama hakubadilisha saa yake ya mkononi. Ilipogonga saa 3 alifunga mkanda, kisanduku cha dawa mapajani, akingoja ndege itue. Kumbe toka Doha, Qatar, alikopitia, walikuwa ndiyo kwanza wamefika nusu ya njia! Akaendelea kungoja, maana ameambiwa ajichome akifika, na neno la daktari kwake halina mjadala. Dada yangu alimpokea akiwa hoi, midomo imekauka, sukari imepanda. Namshukuru Mungu amepata nafuu.

Hata huo umbali haukuwa wa safari yake. Kilomita 12,000 ni kama ndege ingenyoosha moja kwa moja. Yeye alipitia Doha: kilomita 3,500 hivi hadi pale, kisha karibu 10,800. Ndege ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo saa 16 zinaishia angani tu, kabla ya zile 3 na nusu alizokaa Doha. Mtu wa kazi hii alipaswa kushtuka.

Nilipopiga simu niliambiwa, "Tiketi ndiyo inavyosema." Sivyo. Tiketi huandika saa za kila mji kwa majira yake, na kazi ya kumfafanulia abiria ndiyo tuliyowalipa.

Naomba mnirudishie ada ya huduma, na karatasi zenu zionyeshe saa za angani na za kusubiri. Zaidi ya yote, nipeni hesabu sahihi ya safari ya kurudi. Mama anarudi katikati ya Novemba, wakati tofauti itakuwa imeshakuwa saa 8. Nijibuni kwa maandishi kabla ya mwezi huu kwisha, kwa sababu daktari hawezi kupanga sindano bila karatasi hiyo.

Wenu,
Mteja, Majengo, Moshi