Mradi wa serikali nao unaombewa kibali, tena mapema

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi pokea salamu tu za baridi ya huku Uyole. Mimi ni fundi bomba, kazi yangu imenizungusha Mbeya, Njombe, Iringa mpaka vijiji ambavyo basi linafika mara moja kwa siku, na siku likifika limechelewa. Naandika kwasababu kila nikikaa kijiweni na ikatajwa habari ya mradi wa maji uliosimama, lazima mtu aseme "vibali hivo, vibali ndo vinatuua na kiu". Na mimi nilikuwa nasema hivohivo, tena kwa sauti. Siku hizi sisemi tena, na sababu nitaeleza hapa.

Miaka michache nyuma tulikuwa tunajenga mradi wa maji wa mji mdogo mmoja huku kwetu nyanda za juu, jina naliacha maana mkandarasi bado yupo na mimi bado natafuta vibarua. Chanzo kipo mlimani, tenki juu ya kilima, bomba linashuka mpaka mjini, alafu kule chini bondeni kuna mabwawa ya majitaka, na katikati ya vyote hivo inapita barabara kuu ya lami. Mkataba ukasainiwa, viongozi wakaja wakapiga picha, yale mabomba meusi ya rola yakashushwa, mwezi wa nane tukaanza kuchimba mtaro. Kasi ilikuwa nzuri hata mimi nilijisifu nyumbani. Mwezi wa kumi katikati tumefika ukingoni mwa lami, katapila linanguruma, akaja bwana mmoja na pikipiki, kashuka taratibu, kauliza kibali cha kuvusha bomba kiko wapi. Tukaangaliana. Mhandisi wetu akasema bwana, huu ni mradi wa serikali. Yule bwana akajibu, na barabara pia ni ya serikali.

Tulicheka ila hakikuwa kichekesho, maana hifadhi ya barabara kuu kwa sheria ya barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na sisi tulikuwa tumeshaingia humo ndani na mtaro wetu kama mita 20 hivi. Walichotaka hakikuwa cha ajabu, walitaka mchoro unaoonyesha bomba linapita kina gani, na kwamba halichimbwi mtaro juu ya lami bali linatobolewa chini kwa chini, na linapita ndani ya bomba lingine kubwa la chuma ili siku likipasuka maji yasile barabara. Sasa uliza huo mchoro uko wapi. Haupo. Mshauri aliyesanifu alichora mstari tu unakatiza barabara kama vile barabara ni uji. Na kwenye mchanganuo wa gharama hakuna hata mstari mmoja wa kutoboa, wala wa hilo bomba la chuma. Kwaiyo ikabidi mchoro urudiwe, bei ijadiliwe, barua ziende zirudi, na wakati barua zinasafiri mvua ikaanza.

Anayejua mvua ya huku hahitaji kuambiwa. Ikishaanza mwezi wa kumi na moja ndo basi mpaka wa nne, mwaka mwingine wa tano. Mtaro wetu ukajaa maji, kingo zikaanguka, lori la viazi likatumbukia gurudumu usiku na mwenye lori alitaka kupigana na mlinzi. Tukafukia tulichochimba wenyewe. Kazi ya kuvusha bomba la mita 60 na kitu ikatuchukua mwaka mzima, na kati ya huo mwaka wiki zile za watu wa barabara kusoma mchoro hazikufika hata tano. Hilo nataka lieleweke, kibali kilikula wiki, mwaka tuliupoteza kwa kukiomba tukiwa tayari tuna katapila mkononi.

Alafu huo ni mmoja tu. Mradi wa maji wenye majitaka ndani yake una karatasi nyingi kuliko harusi: muhtasari wa mkutano wa kijiji wa kutoa ardhi na fidia ya waliopitiwa, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, cheti cha mazingira kupitia NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, kibali cha ujenzi cha halmashauri kwa majengo, barua ya TANROADS (wenye barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wenye za vijijini na mijini) kutegemea barabara ni ya nani, ukikutana na reli basi na TAZARA nao, ukiingia msitu wa hifadhi unaongea na watu wa misitu, OSHA kwa usalama wa sisi vibarua, na mwisho kabisa kibali cha kutiririsha majitaka yaliyosafishwa, ambacho watu wengi wanakisahau kwasababu nani anataka kufikiria majitaka.

Sisemi zote ni tamu. Kuna ofisi moja nilitumwa mara tatu kupeleka mchoro uleule, mara ya kwanza nakala hazitoshi, mara ya pili muhuri umekaa vibaya, mara ya tatu mwenye faili yuko semina, na nauli ni yangu. Hiyo ni kero na ninaisema kama kero. Lakini nimejifunza kutofautisha karani anayenizungusha na kibali chenyewe.

Chukua kibali cha maji. Watu wanadhani ukiona mto ni wako. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inasema usimamizi unaenda kwa mabonde, yapo 9 nchi nzima, na mpaka wa bonde haujali mpaka wa wilaya wala wa mkoa. Huku kwetu ndo panachanganya zaidi maana tumekaa juu ya paa la nyumba, ukimwaga maji huku yanaenda Rufiji, ukimwaga kule yanaenda Ziwa Rukwa, ukivuka kilima yanaenda Nyasa. Bodi ya Rufiji ofisi yao kubwa iko Iringa, ya Rukwa iko Mbeya mjini, ya Nyasa iko Tukuyu. Sasa angalia mradi wa mto Kiwira, ule uliosanifiwa kuletea jiji la Mbeya lita milioni 117 kwa siku, ule mto unamwaga Ziwa Nyasa. Yani mtu wa Mbeya mjini ambaye amezoea kuona kibao cha bonde la Rukwa, maji yake ya bombani yanahusu bonde jingine kabisa. Nimeona watu wanapeleka maombi kwenye ofisi iliyo karibu na stendi badala ya ofisi ya bonde lenye mto, miezi inapita ndo wanaambiwa mmepotea njia.

Na wale wa bonde wakija wanataka vipimo vya maji ya kiangazi, sio vya masika. Hapa ndo mafundi tunanung'unika, oh watu wa bonde wagumu. Lakini jamani chanzo cha mlimani mwezi wa tatu kinanguruma mpaka mnaongea kwa ishara, nenda mwezi wa kumi na moja mwanzoni kabla mvua haijashika ukakute kijimfereji unakiruka na ndala. Ukipima masika ukajenga bomba kubwa, kiangazi unawauzia watu upepo. Na hao walioko chini nao ni watu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi kule hifadhini toka miaka ya 1990, mto ambao zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, na maji yake yanatoka huku huku kwenye vilima vyetu kupitia Usangu. Kila anayechota juu bila kuandikwa anamnyima mtu ambaye hatamwona maisha yake yote.

Kwenye chanzo kuna lingine, vinyungu. Ukienda Iringa na Njombe kiangazi chote watu wanaishi kwa bustani za bondeni, mahindi mabichi, maharage, mboga, ada ya shule inatoka pale. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sasa mradi unakuja unajenga banio la maji, unapigwa uzio, mama mwenye kinyungu anaambiwa ondoka. Kama hilo halijaongelewa mapema kwenye mkutano utaliongelea baadae, bomba likiwa limetobolewa usiku. Na mikaratusi vilevile, mtu alipanda kihalali na anategemea nguzo zake, huwezi kumwambia Jumatatu kwamba Jumanne inakatwa.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni yale mabwawa ya majitaka ya mradi wetu. Cheti cha mazingira kinadai wananchi wasikilizwe, tukaitisha mkutano, mimi nilikaa nyuma nasubiri uishe tukale. Akasimama mzee mmoja wa Kisafwa, kanzu imepauka, akauliza bwawa la kwanza linakaa wapi hasa. Akaonyeshwa kwenye ramani, hakuielewa ramani, akasema twendeni. Tukaenda, akasimama pale kwenye kigingi chetu akasema hapa mwezi wa nne maji yanatoka ardhini yenyewe, watoto wanakuja kuoga. Ilikuwa mwezi wa saba, pakavu kama mgongo wa ng'ombe. Wakachimba shimo kupima, na chini kidogo tu udongo ukaanza kutoka jasho. Fikiria tungejenga pale, kinyesi cha mji mzima kingekuwa kinakutana na chemchemi kila masika. Mabwawa yakahamishwa juu kidogo, gharama ikaongezeka kiasi, hakuna aliyekufa.

Na palepale mtaalamu wa mazingira akauliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria, kwamba vipimo vya mabwawa vimekokotolewa kwa joto la wapi? Maana vijidudu wanaokula uchafu kwenye mabwawa wanapenda joto, na Mbeya na Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, wadudu wenyewe wamelala. Kumbe mchoro ulikuwa umenakiliwa kutoka mradi wa pwani. Bwawa la Dar ukilileta huku bila kuliongeza ukubwa, majitaka yanatoka yakiwa hayajaiva, na kanuni zinataka ile BOD, yani kipimo cha uchafu unaooza uliobaki kwenye maji, isizidi miligramu 30 kwa lita kabla hujamwaga mtoni. Hilo swali lilitoka kwa mtu wa kibali, mhariri, sio kwa mshauri aliyelipwa.

Kwaiyo ombi langu kwa halmashauri na mamlaka za maji za huku ni hili, vibali viombwe wakati wa usanifu, kabla tenda haijatangazwa. Mwaka wa fedha unaanza mwezi wa saba, na kiangazi chetu cha kuchimba ni wa sita mpaka wa kumi, kwaiyo pesa ikitoka na karatasi zipo unachimba siku hiyohiyo. Karatasi zikiwa hazipo unazitafuta mpaka mvua, na mwezi wa sita unaofuata mnaanza kukimbizana kutumia hela zisirudi hazina, hapo ndo kazi mbovu zinapozaliwa. Alafu hawa wenye vibali wangeitwa saiti siku moja wote, gari moja, mtu wa bonde, wa barabara, wa mazingira, wa ardhi, na mwenyekiti wa kijiji, watembee njia ya bomba kwa miguu toka chanzo mpaka bwawa la mwisho. Sasa hivi kila mmoja anakuja kivyake na posho yake, na kila mmoja anahamisha mstari bila kujua mwenzake alishauhamisha wiki iliyopita.

Mwezi wa saba kuna kazi nyingine inaanza, nayo ina barabara ya kuvuka. Nimemwambia bosi safari hii sipakii koleo kwenye gari mpaka nione kwa macho yangu barua ya kuvusha bomba na mchoro wake. Kasema nitaiona. Leo ni tarehe 20 mwezi wa sita, bado nasubiri.

Fundi bomba,
Uyole, Mbeya