Udongo haupimwi kwenye kiroba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu kijana mmoja, maana siku ile nilimkatalia kwa mkato na hakuondoka ameridhika.

Alinifuata hapa Tabata na bodaboda, kiroba kimefungwa nyuma kwa mpira. Amenunua kiwanja bondeni, upande wa mto Msimbazi. "Shikamoo mzee. Nimesikia ulikuwa maabara ya udongo. Naomba unipimie huu kama utabeba ghorofa moja." Nikafungua. Mfinyanzi mweusi, umekatwakatwa kwa jembe, nusu umekauka, nusu bado unanata. Nikamwambia arudi nao.

Haikuwa dharau. Udongo wa mfinyanzi, hasa ule laini wa bondeni, ni kama maziwa mgando kwenye kibuyu: ukiyaacha yamesimama, ukiyatikisa yanamiminika. Ule wa kwenye kiroba ulishachimbwa, ukarushwarushwa na mashimo ya barabara zetu mpaka kwangu. Si ule tena utakaobeba msingi. Mfinyanzi unapimwa pale ulipolala.

Kifaa cha kuupimia hapo, kwa Kiingereza vane, si cha ajabu. Ni mabapa manne ya chuma yaliyokaa msalaba kwenye ncha ya fimbo, kimo chake mara mbili ya upana. Unakididimiza hadi kina unachotaka, unakizungusha taratibu mpaka udongo ukatike. Juu unasoma nguvu iliyotumika kuusokota, na hesabu inakupa uimara wa udongo kwa kipimo cha kilopaskali. Halafu unazungusha harakaharaka mara kadhaa ili kuuvuruga, unapima tena palepale, uone umebakiwa na nguvu kiasi gani. Ukimaliza unashuka kina kingine.

Taratibu maana yake nyuzi 6 za duara kwa dakika. Hilo nililijua kwa aibu. Nikiwa mgeni kazini, jua la saa saba, njaa inauma, nilizungusha kama anayekoroga uji. Namba zikatoka nzuri ajabu. Mkuu wangu akazitazama, akauliza swali moja tu: "Umetumia dakika ngapi?" Tulitoboa shimo jingine, wali ukapoa. Mfinyanzi ukisokotwa haraka unajifanya mgumu. Na hata ukizungusha vizuri, namba haichukuliwi hivihivi: mwaka 1972 Laurits Bjerrum, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Norwe, alionyesha kwamba kwenye mfinyanzi unaonata sana inabidi ipunguzwe.

Wapo wanaotumia nyundo ya kilo 63.5, wanaidondosha sentimita 76 kuipigilia fimbo ardhini na kuhesabu mapigo. Kwa mchanga sawa. Kwenye mfinyanzi laini fimbo inaweza kuzama kwa uzito wake yenyewe kabla hujapiga hata mara moja; hapo utahesabu nini?

Kijana alinitajia pia kwamba fundi wake alipiga sururu Januari ikadunda. Naamini. Januari ngozi ya juu hukauka mpaka kidole kinaingia kwenye nyufa. Shuka mita mbili, karibu na maji, unaweza kukuta tope ambalo ukilifumbata linachomoza katikati ya vidole. La namna hiyo halifiki kilopaskali 20. Sururu haifiki huko, ila uzito wa nyumba unafika.

Kariakoo, Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka, mjini tuliongea nondo na zege. Sisemi pale kosa lilikuwa udongo. Nasema tu kwamba sijawahi kumsikia mwenye nyumba akijisifia shimo la kupimia, lakini geti na marumaru tunaonyeshwa kila siku. Manispaa nazo, zinapopitisha ramani za mabondeni, ziulize kwanza ilipo karatasi ya vipimo vya shimoni, mita kwa mita.

Kijana wangu, kama unasoma, usimwage kifusi bado. Kifusi nacho ni mzigo, kinaukandamiza mfinyanzi kabla hata ya tofali la kwanza, na wapimaji watalazimika kukitoboa ndipo waufikie. Halafu kiroba chako ulikisahau. Kipo barazani, wajukuu wameshaanza kufinyanga ng'ombe.

Fundi sanifu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam