Msemaji wa mgonjwa ateuliwe mapema

Mhariri,

Familia nyingi zikisikia habari za kujiandaa na mwisho wa maisha hufikiria wosia wa mali. Wosia kwa kawaida husomwa baada ya mazishi, kwa hiyo maagizo ya matibabu yaliyofichwa humo hayatamsaidia mgonjwa kwa lolote. Hayo yanataka karatasi yake, iandikwe mgonjwa mwenyewe angali na akili timamu.

Kabla ya karatasi, apatikane mtu. Mgonjwa ateue msemaji mmoja wa kumsemea kuhusu matibabu atakaposhindwa kusema mwenyewe, na mwingine wa akiba. Si lazima awe kifungua mimba, wala yule anayelipa bili. Anayefaa ni anayeweza kusema "mama hakutaka hivyo" mbele ya ndugu wanaolia, hata kama moyo wake unataka vingine. Kamati ya ndugu saba haifai, maana daktari wa zamu anahitaji jibu ndani ya dakika chache, pengine usiku wa manane, na hawezi kusubiri kikao. Tatizo tunalokutana nalo zaidi ni uteuzi wa siri. Ndugu aliye mbali anafika siku ya mwisho, anadai kila kitu kianze upya, na ugomvi unahamia kando ya kitanda. Huyo aambiwe mapema, tena na mgonjwa mwenyewe.

Maswali nayo huulizwa vibaya. Ukimuuliza mtu, "Tufanye kila linalowezekana?" nani atajibu hapana? Muulize anauelewaje ugonjwa wake, anaogopa nini zaidi, yuko tayari kuvumilia nini ili aongeze muda, na hali gani hataikubali hata ikimwongezea miezi. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka. "Nikishindwa kuwatambua wanangu, msinirudishe hospitali" humsaidia daktari kuliko vijisanduku kumi vya fomu vilivyowekewa alama.

Hapo ndipo mzungumzie tiba zenyewe. Moyo ukisimama, kifua cha mtu mzima hukandamizwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mara nyingi mbavu huvunjika. Aliyekuwa na afya njema akaanguka ghafla ana sababu nzuri ya kujaribiwa. Mwenye saratani iliyosambaa na mwili uliokwisha, ni nadra sana atoke hospitali akiwa hai. Kukataa kukandamizwa kifua si kukataa matibabu: maumivu, kichefuchefu na pumzi kubana huendelea kutibiwa. Mashine ya kupumulia inaweza kukubaliwa kwa majaribio, siku zikitajwa kabisa, kisha hali ipimwe upya.

Mofini, dawa kali ya maumivu, inaogopwa bure. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi, na dawa ya kulainisha choo huanzishwa siku hiyohiyo. Isipoanzishwa, choo kitafunga na mgonjwa ataikataa mofini. Ikipimwa sawasawa na kuongezwa taratibu, haiharakishi kifo. Kuhusu chakula, siku za mwisho hamu huisha kwa sababu mwili unazima. Kumlazimisha kula kunaweza kumpalia na kupeleka chakula kwenye mapafu. Mloweshe midomo kwa pamba yenye maji, inatosha.

Karatasi iwe na tarehe, sahihi, namba za simu za wasemaji, na mashahidi wawili wasio warithi. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo ulizeni kwanza fomu inayokubalika kwenu. Nakala moja iwe kwenye faili la hospitali, nyingine kwa msemaji, ya tatu nyumbani mahali ambapo kila mtu anapajua. Kabati lenye kufuli silo. Isomwe tena kila baada ya kulazwa, ugonjwa mpya, talaka, au msemaji akifariki, na ile ya zamani ichanwe.

Wahudumu wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya wenye maradhi mazito)