Konokono wa Mwea: tuanze na maji kabla ya dawa

Mhariri,

Kila msimu wa kupandikiza mpunga ukikaribia huku kwetu Mwea, Kirinyaga, mjadala kuhusu konokono mgeni huanzia kwenye duka la dawa. Hapo sipo pa kuanzia. Dawa inayomwagwa majini huua samaki na vyura, kisha hufuata mfereji hadi kwa jirani. Mayai yaliyotagwa juu ya maji wala hayaguswi.

Konokono huyu, Pomacea canaliculata kwa jina la kitaalamu, asili yake ni Amerika Kusini. Miaka ya 1980 alisambazwa Asia afugwe kwa chakula, walaji wakamkataa, akahamia mashamba ya mpunga. Mwea aligunduliwa mwaka wa 2020.

Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza ndizo za hatari. Mche mwororo hukatwa karibu na tope, na asubuhi unakuta majani yakielea na mapengo mahali pa miche. Angalia mapengo yako wapi: mara nyingi ni kwenye vibonde, ambako maji yamesimama sentimita tano au zaidi. Maji yakishuka hadi sentimita moja au mbili, konokono hutambaa kwa shida au hujizika topeni. Lakini jaruba lisiposawazishwa vizuri, huwezi kupata kina hicho kila mahali.

Chimba vijifereji kandokando ya matuta, upana sentimita 25 na kina sentimita 5, halafu shusha maji, watakusanyika humo. Jioni tandaza majani ya mpapai, alfajiri uwaokote wakiwa wameyang'ang'ania. Vaa glavu, maana wanaweza kubeba minyoo ambayo humdhuru binadamu hadi kwenye ubongo. Uwaponde palepale. Ukiwatupa kando ya tuta hujifungia ndani kwa kile kifuniko chao, na wanaweza kukaa miezi katika tope kavu wakisubiri maji.

Mayai ni vishada vya rangi ya waridi kwenye mashina, nyasi na kuta za mifereji. Konokono wetu wa asili hawatagi ya rangi hiyo. Yakiwa bado yamekolea, ukiyakwangua yakazama majini hufa. Yakishapauka, yamebakiza siku chache kuanguliwa, na ukiyaangusha majini umemfanyia konokono kazi ya mkunga! Hayo yapondwe. Kagua kila wiki, kwani huanguliwa katika muda wa wiki mbili hivi.

Wanaohimiza miche michanga ya siku 8 hadi 15, mmoja kwa kila shimo, waseme pia masharti yake. Mbinu hiyo hutaka tope lenye unyevu tu, na kwenye tope hilo konokono hana nafasi. Anayechukua miche michanga kisha akafurika shamba kwa kuogopa palizi amemwandalia karamu. Asiyeweza kudhibiti maji heri apande miche ya siku 25 hadi 30, miwili au mitatu kwa shimo. Bata nao husaidia, ila wasiingie kabla ya wiki nne au tano, la sivyo wataing'oa miche wenyewe.

Kikwazo kikubwa ni kwamba mkulima hawezi kushusha maji peke yake wakati jirani wa juu anafungulia. Vikundi vya watumia maji vipange zamu ili kitengo kizima cha mashamba kikae na maji kidogo kwa wiki mbili zilezile. Trekta na rotaveta, yaani mashine za kuvurugia udongo, zioshwe tope kabla ya kuvuka kwenda kitengo kingine, na mwenye shamba asilipe hadi aone zimeoshwa. Kwenye milango ya maji pawekwe wavu wa matundu ya milimita tano. Huo huwazuia wakubwa tu, wadogo hupita. Usiposafishwa kila siku huziba kwa takataka, na mkulima aliyekosa maji huja kuung'oa usiku.

Mdau wa kilimo cha mpunga,
Wang'uru, Kirinyaga