Krismasi Njema, Wakutubi: Februari Haiko Mbali

Wakutubi wenzangu, hamjambo huko mliko.

Haya nayaandika nikiwa kaunta. Shule zimefungwa na maktaba imejaa watoto. Wengine wamekuja kusoma, wengine wamekimbia kutumwa dukani, na wale wawili wa pale pembeni nadhani wamefuata tu soketi ya kuchajia simu. Wote nimewaandika kwenye daftari la mlangoni, na daftari hilo nitalirudia.

Mnaosherehekea Krismasi, heri na baraka kwenu na kwa jamaa zenu. Wenzetu wa Garissa, Wajir na Pwani ambao siku hiyo kwao ni mapumziko tu, pumzikeni vyema. Mlio na zamu mkesha wa Krismasi, poleni. Mimi pia nimo.

Kwenda nyumbani kuna mtihani wake. Utaketi na wazee, chapati bado zinageuzwa, na shangazi atauliza, "Mwanangu, bado uko kule kwa vitabu?" Miaka yote mimi hucheka na kuuliza habari za ng'ombe. Safari hii nimeapa kumjibu. Nikishindwa kumweleza shangazi yangu maktaba ni ya nini, nitamweleza vipi mwakilishi wadi, mjumbe wetu katika bunge la kaunti, ambaye hata jina langu halijui?

Na huyo mwakilishi wadi ndiye mwenye maneno. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Fungueni Jedwali la Nne, sehemu ya pili, mjionee tulivyopangwa: kamari, leseni za pombe, sinema, video, kisha maktaba, halafu makumbusho. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Baadaye kicheko kikaniisha. Leseni za pombe huiletea kaunti pesa, ilhali sisi tunakwenda kuziomba. Katika orodha ya namna hiyo, asiye na wa kumsemea hupata yaliyobaki, yakibaki.

Kuna kikao kimoja cha kutoa maoni ya umma kuhusu bajeti, katika kaunti ambayo sitaitaja, ambako nilikwenda mikono mitupu. Wa barabara walikuja na picha za mashimo. Akina mama wa kisima walikuja ishirini na ushei, wamevaa leso sare. Mimi nilikuja peke yangu nikiwa na hotuba kuhusu umuhimu wa kusoma. Nilipewa dakika mbili. Sikuwa na idadi hata moja ya kutaja, na daftari langu la mlangoni, lenye kurasa zimejaa majina ya watoto wa wadi ileile, nilikuwa nimeliacha droo ya mezani. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama nimemaliza.

Tangu hapo nimejifunza kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha mkakati wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Maoni ya wananchi huchukuliwa kabla mkakati haujafika bungeni, kwa hiyo Januari, tunapolalamikia karo na mifuko iliyotoboka, ndipo wengine huwa wanajipanga. Sisi hukumbuka Juni, tukiulizana kwenye kundi la WhatsApp mbona fungu la vitabu limepunguzwa tena.

Hapo ndipo ninapokihitaji chama. Chama cha Maktaba cha Kenya kilizaliwa baada ya kile cha Afrika Mashariki kugawanyika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1984 Nairobi ilipokea mkutano mkuu wa IFLA, shirikisho la maktaba duniani, wa kwanza kufanyika Afrika. Waliotutangulia walijua kujitokeza. Sisi wa leo, tuseme ukweli, wengi wetu hulipa ada mwaka tunaotaka kwenda kongamano, tukapata mkoba na cheti, kisha kimya hadi kongamano jingine. Nami nimewahi kufanya hivyo, miaka miwili mfululizo.

Uongozi nao usikie, maana lawama si zetu peke yetu. Mkutubi wa shule ya kutwa kule Kitui, ambaye kwa kweli ni mwalimu wa historia aliyekabidhiwa ufunguo, akilipa ada anapata nini kabla ya kongamano? Kama jibu ni barua pepe ya kukumbushwa alipe tena, msimshangae akitoweka. Mtumieni karatasi moja tu ya kwenda nayo kwenye kikao cha kaunti: tarehe, sheria inasemaje, na mahali pa kujaza idadi za maktaba yake. Mpeni pia simu ya mwanachama mwenzake wa karibu, wasiende mmojammoja kama nilivyokwenda mimi. Garissa, tangu 1996, vitabu vimekuwa vikibebwa kwa ngamia hadi kwa watoto wa wafugaji, na hata msafara huo hauendi na ngamia mmoja.

Kwa hiyo ombi langu la sikukuu ni dogo. Kabla hamjafunga milango, jumlisheni daftari la mlangoni la mwaka mzima: waliingia wangapi, watoto wangapi, waliorudishwa kwa kukosa kiti wangapi. Andikeni kwa kalamu nene, mbaki na nakala. Mkirudi Januari tafuteni tarehe ya kikao cha wadi yenu, mwende wawili au watatu, na mzazi mmoja anayejua kuongea.

Langu nimeanza kulijumlisha leo, nimefika Agosti. Nitabeba karatasi hiyo nyumbani, nimsomee shangazi kwanza. Akiielewa yeye, nitaipeleka wadi.

Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya.